Kaniki ya Nyamizi

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, si zamani ya wanyama kusema. Ni zamani ya juzi, ya jenereta na deki ya video. Wewe unayecheka huko nyuma, cheka umalize, kwa maana hadithi hii si ya kuchekesha, na nikifika mwisho nitawauliza jambo. Asiyesikiliza nitamjua kwa jibu lake.

Hapo zamani palikuwa na machimbo ya chokaa yaliyoitwa Mawe Meupe. Watu wa hapo walikuwa weupe vichwani kabla ya uzee, kwa vumbi. Walichimba mawe ya kampuni, walilala katika nyumba za kampuni, walichota maji ya bomba la kampuni. Kampuni ilikuwa na Bwana Msimamizi, na Bwana Msimamizi alikuwa na neno moja alilolipenda kuliko mengine. Ukuta wa mawe ukimwangukia mtu, hakusema amekufa. Alisema, "Amesafiri." Aliandika hivyo katika daftari lake, akalifunga, akarudi kunywa chai.

Sasa tazameni werevu wa mtu huyu. Aliyesafiri hana maiti. Asiye na maiti hana kaburi. Asiye na kaburi hana matanga. Na mwanamke anayelia bila matanga, huyo anaiambia kampuni kuwa ni mwongo, na anayeiita kampuni mwongo hawezi kulala katika nyumba zake. Kwa hiyo Mawe Meupe hapakuwa na kilio. Watu watatu walikuwa wamekwisha "kusafiri" na hakuna aliyewalilia.

Hapo aliishi mjane mmoja, Nyamizi binti Lukelesha, mpika uji wa wachimbaji. Alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, kijana wake Maige. Siku ya Jumanne Maige aliondoka asubuhi na makatambuga yake miguuni, yale ya tairi, ambayo alikuwa ameyafunga kwa waya mwekundu kwa sababu kanda zilikatika. Saa nne mlima ukanguruma. Jioni wachimbaji walipotoka Nyamizi akawahesabu, akawahesabu tena. Kesho yake Bwana Msimamizi akaja mlangoni.

"Mama, mwanao amesafiri."

"Amesafiri kwenda wapi, na shati lake la safari liko kambani pale?"

"Ah, vijana wa siku hizi, mama. Hawaagi."

Nyamizi alijua. Mama gani asiyejua? Lakini hakulia, kwa maana hakuwa na pa kwenda. Wala hakuvaa kaniki.

Hapa ngoja niwaeleze desturi ya watu wale, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Kwao mfiwa huvaa kaniki nyeusi siku arobaini. Siku ya kuanua tanga huivua, akampa mtu mmoja, yule aliyemshika mkono katika msiba wake kuliko wote. Anayeipokea huwa ndugu yake wa damu. Ndiye atakayemwuguza, ndiye atakayemwosha, ndiye atakayemtupia udongo wa kwanza. Na kaniki haikatwi. Haiwezekani kusema huyu nusu na yule nusu. Mtu hazikwi nusu na huyu na nusu na yule.

Kwa mwenye watoto sita desturi hiyo si kitu. Kwa Nyamizi, aliyebaki peke yake kama kidole, ilikuwa yote aliyonayo. Akaikunja kaniki yake, akaiweka chini kabisa ya sanduku, akaacha kula.

Alikuwa na jirani, Kabula. Kabula alisoma mpaka darasa la saba, kisha hakuacha tena kusoma. Alisoma hata karatasi za kufungia dagaa. Alipomwona mwenzake anakauka, alikuja na kitabu kisicho na jalada, akaketi kando ya chungu cha uji.

"Dada, mimi sina dawa. Nina hiki. Nikusomee?"

"Soma."

Kitabu kiliitwa *Nchi ya Wasafiri*. Alikitunga mwanamke mmoja wa mbali, Mwalimu Koku, mwalimu mstaafu asiyepata kufika Mawe Meupe hata kwa ndoto. Kilikuwa kitabu cha nchi ya kutisha. Katika nchi hiyo mtawala alikuwa amefuta kifo. Mtu akifa, sheria ilitaka isemwe amesafiri. Majirani walikuja kumpongeza mama mtu. Walimletea maandazi ya safari. Naye mama ilimpasa amfungie marehemu begi, shati juu ya shati, sabuni, kitana, aliweke mlangoni askari walipitie. Kurasa arobaini Mwalimu Koku aliandika habari ya mama mmoja mzee, kilema wa mguu, anayefunga begi la mwanawe. Kurasa arobaini za begi! Mwana mwenyewe hakuonekana hata mara moja, wala hakutajwa jina.

Na mwisho? Mwisho askari wanachukua begi. Wanamwuliza mama, "Amesafiri salama?" Mama anafunga mdomo. Anachukua ufagio, anafagia uwanja wake. Basi, kitabu kimekwisha.

Kabula alipofika hapo alikasirika. "Ndiyo nini sasa? Mwandishi huyu amechoka?"

Lakini Nyamizi alikuwa ameinua kichwa. "Soma tena."

Kabula akasoma tena.

"Soma tena pale pa sabuni."

Akasoma tena. Kwa kuwa mwana wa kitabuni hakuwa na sura, Nyamizi alimpa sura ya Maige. Kwa kuwa hakuwa na jina, alimpa la Maige. Mama wa kitabuni alipokunja shati, Nyamizi alihisi shati mikononi mwake. Kwa mara ya kwanza alijua kuna mtu mwingine, mahali fulani, aliyekwisha kupita humu ndani ya giza hili akarudi na habari zake. Kesho yake asubuhi alichukua ufagio, akafagia uwanja. Kisha akanywa uji wake mwenyewe. Majirani walimshukuru Mungu.

Hivyo akaishi. Alifagia, akapika, akafunga mdomo. Mwaka ukapita na miezi miwili. Kisha mlima ukanguruma tena, ukuta ule ule, na mchimbaji mmoja, Shigela, akawa "amesafiri". Mke wa Shigela alikuja kwa Nyamizi. "Dada, wewe ulifanyaje?"

Nyamizi akamtazama. Akampa ufagio.

Siku hiyo hakula. Alijiuliza moyoni, je, nimemsaidia au nimemzika mwenzangu akiwa hai? Shikeni hapo, msipaachie.

Sasa hapo Mawe Meupe palikuwa na banda la video, la mabati na mabenchi, na mwenye banda aliitwa Malongo, lakini hakuna aliyemwita hivyo. Aliitwa Radi. Kazi yake ilikuwa kutafsiri picha. Anaweka picha ya kigeni, anashika kipaza sauti, anasema yeye kwa Kiswahili maneno ya wote, mzee, mtoto, bibi harusi na mbwa. Na alikuwa na sheria yake moja: kipaza sauti hakinyamazi. Watazamaji wa pale wakisikia kimya wanapiga miluzi na kugonga mabati. Katika picha watu wakitazamana tu bila kusema, Radi aliwatungia la kusema.

Jumapili moja alasiri Kabula alikuja mbio. "Dada! Kile kitabu kimefanywa picha! Iko bandani leo!"

Na kweli. Mtu mmoja wa pwani, Salmini, alikuwa amekichukua kitabu cha Mwalimu Koku akakifanyia picha. Lakini waliomsaidia walikuwa watu wa ng'ambo, kwa hiyo watu wote katika picha walisema kigeni. Mnaona mambo? Hadithi ilizaliwa kwa Kiswahili, ikaenda ng'ambo ikasahau lugha ya mama yake, ikarudi Mawe Meupe kutafsiriwa na Radi.

Wakaketi benchi la pili. Picha ikaanza, na Kabula naye akaanza.

"Mbona mama ni msichana? Kitabuni ni mzee!"

"Mbona hachechemei? Kitabuni ni kilema!"

"Begi limekwisha? Kurasa arobaini, amelifunga kwa kufumba na kufumbua!"

"Kabula, nyamaza au utoke," watu wakasema.

Nyamizi naye aliumia kwa jambo lake. Katika picha mwana alionekana. Alikuwa kijana mzuri, mrefu, mwenye meno. Alicheka na mama yake, akanywa chai, akaaga. Naye hakuwa Maige. Mwaka na miezi miwili Nyamizi alimweka Maige katika hadithi hii, leo amekuja mgeni kuketi mahali pake. Alitaka kuondoka. Kabula akamshika mkono.

Ukafika mwisho. Kitabuni mama anafunga mdomo. Katika picha mama akalinyanyua lile begi, akaenda nalo mpaka kwenye lango la mtawala, akalitupa chini, shati na kitana vikamwagika vumbini. Akafungua mdomo kulia. Na hapo Salmini, kwa sababu zake mtakazozisikia, alikuwa ameikata sauti. Muziki ukakoma. Mdomo ulikuwa wazi, shingo imekaza mishipa, na hakuna sauti hata ya sisimizi.

Radi alishikwa. Kimya! Sekunde moja, mbili. Mtu wa nyuma akapiga mluzi. Mwingine akagonga bati. Radi akatafuta neno hakulipata, akatazama mabenchi, na kwenye benchi la pili akamwona Nyamizi. Na likamtoka kwenye kipaza sauti, kubwa, likaenda mpaka nje:

"Maige! Mwanangu Maige! Hukusafiri! Umekufa, Maige!"

Miluzi ikakoma. Katika picha lango lilikuwa linafunguka lenyewe, polepole, lakini hakuna aliyelitazama. Nyamizi alikuwa amesimama. Mdomo ulikuwa wazi kama wa yule msichana, na sauti iliyomtoka haikuwa ya Radi. Ilikuwa yake, ya mwaka na miezi miwili.

Mke wa Shigela akaipokea. Wanawake wakaipokea nje, nyumba kwa nyumba, mpaka wakamwamsha Bwana Msimamizi katika usingizi wake wa alasiri.

Wakatoka bandani, wakachukua majembe, wakaenda kwenye lango la machimbo kama walivyoona katika picha. Wakalia mbele yake. Je, lilifunguka? Halikufunguka. Lango la chuma halijui picha. Wakalia mpaka jua likashuka, lango limefungwa vilevile. Ndipo wakazunguka nyuma, wakapanda jaa la kifusi kwa magoti, wakaufikia ule ukuta, wakachimba. Walichimba siku tatu. Siku ya pili jiwe liliteleza likaangukia mkono wa kuume wa Kabula. Siku ya tatu wakaona waya mwekundu.

Maige akazikwa. Shigela akazikwa, na wale watatu wa kwanza wakazikwa. Bwana Msimamizi aliondoka na daftari lake, lakini waliolia wote walitolewa katika nyumba za kampuni, wakajenga vibanda ng'ambo ya korongo, na huko Nyamizi alifungua sanduku akavaa kaniki. Alilala na kilio, akaamka na kilio, na ajabu, alikuwa mwepesi kuliko miezi yote ile kumi na minne.

Siku ya arobaini ikafika. Habari zilikuwa zimeenea, na wageni wawili walikuja. Mwalimu Koku alikuja kwa basi siku mbili, mwanamke mnyamavu mwenye miwani iliyofungwa uzi. Salmini alikuja kwa gari, lakini alipofika korongoni aliliacha akashuka kwa miguu. Radi alikuwa mwenyeji. Wazee wakauliza kama desturi ilivyo, "Nani alimshika mkono mfiwa huyu?"

Mikono mitatu ikanyooka.

Mwalimu Koku akasema, "Mimi nilimshika kwanza. Wanangu, mtu huzama kabla ya kuokolewa. Nyamizi alikuwa ameacha kula. Asingepata kitabu changu, mwezi ule ule mngemzika yeye, na maiti haendi bandani kutazama picha. Sikuandika jinsi ya kushinda. Mimi mwenyewe sijui jinsi ya kushinda. Mume wangu nilimzika bila kujua alikufa vipi, nikafagia uwanja miaka tisa. Niliandika ili aliyeshindwa ajue tupo wawili."

Nyamizi akasema, "Kweli."

Salmini akasema, "Shikamoo Mwalimu, nakuheshimu, lakini ulimpa ufagio. Naye akampa mwenzake ufagio. Mngefagia mpaka mlima uishe watu. Mimi nilimwonyesha mdomo uliofunguka. Kabla ya picha yangu hakuna aliyewahi kuuona katika nchi hii."

"Ulifungua na lango," Mwalimu Koku akamjibu. "Mimi sikuliandika lango lile. Umewadanganya wanawake hawa."

"Nimewadanganya, ndiyo. Lakini niambie, Mwalimu, ni nani angeliendea lango lililoandikwa kuwa halifunguki?"

Mzee mmoja akauliza, "Na sauti uliikata kwa nini?"

Salmini akainamisha kichwa. "Waigizaji kumi na wawili niliwajaribu kilio kile. Wote walilia vizuri, na wote walikuwa waongo. Nikaona nipaache wazi, mwenye kilio chake aje akitie."

Nyamizi akasema, "Kweli."

Radi hakuwa na maneno mengi siku hiyo, yeye wa maneno. Akasema, "Mwalimu hakumjua Maige. Bwana Salmini hakumjua Maige. Alikuwa anaketi benchi langu la kwanza, jenereta ikizima yeye ndiye aliyeivuta kamba. Wao walileta mama asiye na jina na mwana asiye na jina. Mimi nilitamka jina."

Mwalimu Koku akavua miwani. "Ulilitamka kwa uchungu, baba, au kwa kuogopa miluzi?"

Radi akafikiri. Angeweza kusema uongo, na ninyi mngemwamini.

"Vyote viwili, Mwalimu."

Nyamizi akasema, "Kweli." Sasa machozi yalikuwa yanamtoka.

Mtu akatoa shauri kutoka nyuma, "Si akae na kaniki yake? Mwenye kulia ni yeye, mwenye kuchimba ni yeye." Lakini Nyamizi akatikisa kichwa. "Maiti hajioshi, ndugu yangu. Nataka mtu."

Ndipo Kabula akasimama. Wote walidhani anakuja kudai, na wengi wangempa. Aliyesoma kitabu nani? Aliyeleta habari ya picha nani? Lakini akafungua kitambaa kilichofunga mkono wake wa kuume, na vidole havikuwapo.

"Mimi sitaki kaniki," alisema. "Mimi na Nyamizi ni ndugu kabla ya hayo yote. Lakini sikilizeni. Kitabu kilituchelewesha, mpaka Shigela akafa. Picha ilitupeleka langoni na uongo wake. Jina lilipigwa kelele bila kumwomba ruhusa mama mtu, tukakurupuka kuchimba usiku na mchana kama wendawazimu. Mkono huu ulikwenda kwa njia hiyo yote. Atakayepokea kaniki apokee na mkono huu. Atanilimia kila msimu, yeye mwenyewe, si kwa kutuma mtu, mpaka nife."

Mikono mitatu ikashuka.

Pakawa kimya, na safari hii hata Radi hakukijaza. Mwalimu Koku alitazama viganja vyake vya chaki, vya mtu wa miaka sabini. Salmini alitazama gari lake ng'ambo ya korongo. Radi alitazama chini.

Kisha mkono wa Radi ukapanda tena. Ukapanda wa Mwalimu Koku. Ukapanda na wa Salmini. Yote mitatu.

Nyamizi akaivua kaniki. Akaikunja mara nne, akaishika kifuani. Alimtazama Mwalimu, akakumbuka asubuhi ile alipokunywa uji. Alimtazama Salmini, akakumbuka ule mdomo uliongoja. Alimtazama Radi, akasikia jina la mwanawe. Akapiga hatua moja mbele na kaniki mikononi, na hapo ndipo amesimama mpaka leo, kwa maana mimi nimeisimulia hadithi hii miaka mingi na sijaweza kumsogeza hatua ya pili.

Nisaidieni. Msikimbilie kujibu, kila mmoja ajiulize kwanza nani angependa amwoshe yeye siku yake ikifika. Yupo aliyemfunza kufunga mdomo asife. Yupo aliyemwonyesha mdomo uliofunguka, na lango la uongo. Yupo aliyelitia jina ndani ya mdomo ule, nusu kwa uchungu na nusu kwa woga. Kaniki ni moja, haikatwi, na mkono wa Kabula umefungwa ndani yake. Je, nani alistahili?